Baba Mkwe, Mikaratusi na Maji ya Manga

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino, kwa sababu niliambiwa naripoti ofisini. Mhandisi wa Maji wa Wilaya, mtu wa kando ya ziwa mwenye sauti ya kuongoza kwaya, aliitazama miguu yangu akacheka pole pole.

"Dada, ofisi yako ni ile," alisema, akinionyesha dirishani ukingo wa mlima Manga unaouangalia mji wa Kisii. "Muombe askari wa lango akuazime gambuti zake za mpira."

Kabla ya saa sita nilikuwa katikati ya mteremko, nikiburuta gambuti zilizonizidi sana. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya kutafuta na kulinda chemchemi, kazi niliyoifanya mpaka nywele zikageuka rangi.

Vijana wa leo mnaweza kuutazama mlima kwenye simu. Sisi tuliusoma kwa magoti. Mhandisi alinifundisha kwamba juu ya Manga kuna jiwe jeupe gumu, kwatsaiti, lililojaa nyufa. Mvua ikinyesha, nyufa hizo huinywa yote. Chini yake kuna mwamba mweusi wa volkano ya zamani mno, nao haupitishi maji kirahisi. Weka chujio la chai juu ya sahani, umimine maji: yatapita kwenye chujio, yagonge sahani, kisha yatafute ukingo. Ndiyo maana chemchemi za Manga zimepangana karibu mstari mmoja ubavuni mwa mlima. Ukiona utepe wa kijani wakati wa kiangazi, huna haja ya kuuliza njia.

"Sisi wa ziwani maji yanatungoja chini," Mhandisi alipenda kunitania. "Nyinyi Wakisii mnayapandia juu kama pimbi."

Pimbi walikuwako kweli, wakituchungulia kutoka kwenye nyufa, na vipanga wakielea juu ya upepo unaopanda ukingoni.

Baadaye nilipelekwa Nyamache, chini ya Msimamizi wa Chemchemi, mzee mkimya aliyechutama na kusikiliza kabla ya kugusa jembe. "Usichimbe kwa hasira," aliniambia. Pale maji yanapochomoza tunapaita jicho, na ukilipiga vibaya maji huhama, ukabaki na shimo na aibu. Tulifukua taratibu, tukapanga mawe, tukashindilia udongo wa mfinyanzi, kisha tukajenga ukuta wenye bomba. Kupima kulikuwa rahisi: unatega ndoo chini ya bomba, unaangalia saa inachukua muda gani kujaa. Kutoka Nyamache nilikwenda Mosocho, na mwishowe nikahamishiwa Nyamira, upande wa Manga nilikoolewa.

Hapo ndipo nilipokutana na jambo ambalo hakuna aliyenifundisha.

Chemchemi iliyo chini ya boma letu ilihudumia mteremko mzima, na kila kiangazi ndoo ilichelewa zaidi kujaa. Juu yake tu palikuwa na msitu mdogo wa mikaratusi, mti unaokunywa kama ng'ombe aliyetoka safari. Wanawake walikuwa wameanza kushuka hadi mtoni kuteka maji ya tope. Nilipomweleza Mkuu wa Kituo chetu cha maji, hakusita.

"Hiyo kazi ni yako. Kamwambie mwenye miti akate."

"Mwenye miti ni baba mkwe wangu."

Mkuu wa Kituo alikuwa Mgusii, yaani Mkisii kama mimi. Aliweka kalamu chini.

Kwetu kuna chinsoni, yaani kanuni za haya na heshima. Mke wa mtoto na baba mkwe hawashikani mikono, mmoja haingii nyumba ya mwingine, na kubishana ndiko hakusemwi kabisa. Nilikuwa nimekaa katika boma lile miaka mingi, na mbali na salamu mzee yule nami hatukuwa na mazungumzo. Nilimtuma mume wangu. Alikaa na baba yake jioni nzima, akarudi na habari za ng'ombe tu. Mama mkwe naye alinikata kauli mapema: "Miti ni yake. Mimi nilipewa kuni tu."

Basi niliitisha mkutano pale chemchemini. Baba mkwe alikuja, akakaa juu ya jiwe, akaupa Manga uso. Nami nilisimama pembeni nikautazama mlima huo huo. Kisha nikaanza kusema Kiswahili, lugha ya ofisi, badala ya Kigusii chetu, kana kwamba nimetumwa kwa wageni. Watu walitazamana, maana pale hapakuwa na mgeni hata mmoja.

Halafu mzee akajibu, kwa Kiswahili alichookota ujanani kwenye mashamba ya chai ya Kericho.

"Afisa, hii miti yangu imekosea nani?"

"Haijakosea, mzee. Imesimama tu mahali maji yanapotokea."

"Kwani hiyo maji inatoka wapi?"

Nikamweleza habari za chujio na sahani. Alisikiliza bila kugeuka.

"Nani alikufundisha?"

"Mtu wa ziwani."

"Hao maji wanajua," alisema, na watu wakacheka. Kisha akauliza lililokuwa likimkaba, maana miti ile aliipanda kwa mkono wake akiwa kijana. "Na nikikata, hiyo maji ikatae kurudi?"

Ningeweza kumwahidi. "Sijui, mzee. Najua tu kwamba miti ikibaki, maji yataisha."

"Afisa wa kusema sijui, huyo sijawahi kuona," akasema. "Nitakata."

Alikata, nasi tukapanda mikuyu na omotembe, mti wetu wa maua mekundu. Mvua za masika zilipita mara ya kwanza bila nafuu, nami usingizi ukanipaa. Zilipopita tena, ndoo ikaanza kujaa haraka.

Tangu hapo, kila Jumapili asubuhi nilipokwenda kupima, nilimkuta kwenye jiwe lake. "Afisa, maji inasemaje?" Tuliongea macho yakiwa mlimani, daima kwa Kiswahili. Alinieleza mvua ya mawe huanzia wapi, na chui aliyekuwa akilala mapangoni enzi za babu yake. Tukirudi bomani, kimya kama kawaida. Nilimpenda mzee yule, na sikuwa na njia nyingine ya kumwonyesha.

Nilipostaafu juzijuzi nilipewa blanketi na saa ya ukutani, watu wakala wakashiba. Mimi hofu yangu ilikuwa moja. Aliyeruhusiwa kusema na mzee ni afisa, naye afisa alikuwa amekwisha.

Jumapili iliyofuata nilishuka na mtungi kama mke yeyote wa boma. Alikuwa pale, na bakora sasa. Niliinamisha macho, nikamwamkia kwa Kigusii, "Bwakire," nikatega mtungi ili niondoke haraka.

Hakuitikia. Aliutazama Manga kwanza.

"Afisa, leo umekuja bila ndoo ya kupima," alisema kwa Kiswahili. "Kwani mlima nayo imestaafu?"

Niliacha mtungi pale pale, nikapanda nyumbani kuchukua ndoo.