Mfuaji Nguo na Kitabu cha Waanzilishi

Jirani yangu hapa Dawson huwafulia wachimba dhahabu nguo zao. Kuni hupasua mwenyewe, na ukishika shoka kumsaidia, atakuuliza kwa sauti yake iliyokwaruzwa na moshi, "Kwani umesikia nimekufa?" Juzi alikuja Bwana Haldane, katibu wa chama cha waanzilishi, wale wa kwanza kuvuka mlima kuja huku kwenye dhahabu, akiwa na kitabu cha historia za familia zao.

"Mama, marehemu mumeo alivuka mlima mwaka gani?"

"Hakuvuka. Aliiona theluji, akarudi kwao."

"Basi sijui nikuandike wapi. Wanawake tunawaweka chini ya waume zao."

Mama alijifuta povu, akautandaza mkono wa kushoto juu ya ukurasa. Ulikuwa na vidole vitatu. "Viwili vilikufa kwa baridi kulekule juu, nimebeba jiko na unga mgongoni. Mwandike aliyevuka."

Katibu aliutazama mkono ule, kisha akachovya kalamu na kuliandika jina la mama, peke yake kwenye mstari. Mama akainama, akalisoma herufi kwa herufi.

"Umekosea," akasema. "Andika tena, na safari hii usiwe na haraka."