Kisukuma cha Kocha Damian

Mtu unayedhani hajui lugha yako husikia mengi kuliko ndugu yako. Hilo Anisia alilijua tangu akiuza mpunga Ushirombo. Wanunuzi kutoka Didia walinong'onezana bei kwa Kisukuma mbele yake, naye, Msumbwa kwa kabila, akitazama vidole vyake kama zezeta. Kisha akang'ang'ania bei ileile waliyoificha.

Hata kwenye mpira wa kikapu hakubadilika. Timu ya Shinyanga ilipomsajili, kocha Damian alimwelekeza yeye kwa Kiswahili, wenzake kwa Kisukuma. Siku moja, Anisia akiwa ameinama anafunga kamba za viatu, kocha alimwambia nahodha Hosiana kwa Kisukuma: "Huyu mbuzi mzee wa Ushirombo namtupa ligi ikifika katikati. Kwa sasa abebe mipira."

Hosiana akacheka. Anisia akakaza fundo.

Akatupwa kweli. Geita wakamchukua, timu iliyosheheni wachezaji wa kuletwa kutoka Dar na Arusha.

Siku ya mwisho ya ligi kuu ya wanawake, timu hizo mbili zikakutana Shinyanga. Mshindi ndiye bingwa. Damian alibwata Kisukuma tangu mwanzo. "Mpeni Rhoda, kushoto!" Anisia akasikia, akaacha. Rhoda akafunga. Mara ya pili akaacha tena.

"We Anisia, umelala?" kocha wake, Mama Nelly, akafoka.

"Nasinzia kidogo, mama. Niache."

Siri ya namna hiyo inauzika mara moja tu. Ukiitoa mapema, mwenzako anabadili maneno.

Zikabaki sekunde tisa, Geita mbele kwa pointi moja, mpira wa Shinyanga. Damian, hatua mbili kutoka kwa Anisia, akatoa amri bila hata kushusha sauti: Hosiana ajifanye anampa Rhoda, kisha arushe kulia kwa Salome.

Geita wote wakamvamia Rhoda. Anisia peke yake akaenda kulia. Mpira ukamjia kifuani kama ameuagiza, akaukumbatia mpaka filimbi.

Akamfuata Damian. "Mwadila, baba," akamwamkia, Kisukuma kimenyooka.

Damian akainama, akamuuliza kwa Kisukuma, taratibu, alijifunzia wapi.

"Sema Kiswahili, kocha," Anisia akapaza sauti. "Wenzangu hawa wageni. Waambie nani kashinda."

Damian akatazama jukwaa lililojaa watu wa kwao.

"Mmeshinda," akasema.

"Hawajasikia."

Akarudia.