Mwalikwa wa Mzee Teofili

Siku niliyoripoti kazini Sumbawanga nilivaa suti nyeusi ya kuazima, nayo ilikuwa imekunywa vumbi lote la barabara ya Tunduma. Nilitetemeka kwa baridi, maana hakuna aliyenionya kuhusu upepo wa Ufipa. Hakimu Mkazi Mfawidhi, yaani mkuu wa mahakimu wa kituo, alinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Wewe ndiyo hiyo shahada tuliyoletewa? Haya, kaa. Niambie walikufundisha nini huko chuo kikuu."

Nikaanza kumhesabia kwa fahari. Mwaka wa kwanza tulisoma mbinu za sheria, yaani namna ya kuichambua kesi ukabakiza mambo manne: nini kilitokea, hoja ni ipi, uamuzi ni upi, na sababu zake. Tukasoma mikataba, kwamba mmoja hupendekeza na mwingine hukubali. Tukasoma jinai, kwamba tendo ovu peke yake halitoshi, lazima na nia iwe ovu. Tukasoma katiba. Mwaka wa pili zikaja sheria ya ardhi, sheria ya ushahidi, na sheria ya madhara, ile inayohusu makosa yasiyompeleka mtu jela, kama vile ng'ombe wa jirani kula mahindi yako. Mwaka wa mwisho tukamalizia mwenendo wa mashauri, makampuni, sheria za kimataifa na falsafa ya sheria.

"Falsafa!" Mfawidhi akacheka mpaka akakohoa. "Mimi nilifeli hiyo mara ya kwanza. Sikiliza, kijana. Ulisoma kwa Kiingereza, utasikiliza kwa Kiswahili, na hawa watu wanagombana kwa Kifipa na Kisukuma. Jalada utaliandika tena kwa Kiingereza. Kinachodondoka njiani, usije ukanilaumu mimi."

Nilidhani ni mzaha wa wakubwa. Mwaka mzima alinifundisha kazi: kuandika maneno ya shahidi huku anaongea, kuuliza swali moja kwa wakati, kutotingisha kichwa shahidi anapodanganya. Alikuwa mkali lakini hakuwa na roho mbaya, na alipoona naiva akanipeleka kwenye kituo changu cha pili, nje ya mji, barabara ya Namanyere.

Nyinyi mnaosoma sheria leo hamkuziona siku zile. Biashara ya mahindi ilikuwa imefunguliwa. Zamani chama cha ushirika ndicho kilichonunua, sasa malori ya watu binafsi yalikuwa yakipanga foleni Laela, na kila mwenye shamba akajiona tajiri. Mashamba yaliyokuwa yamepumzishwa, ambayo hakuna aliyekuwa akiyatupia jicho, yakapata wenyewe wawili wawili. Kesi za ardhi zikanijia mfululizo, na mimi nikazipenda, maana ardhi ndilo somo nililofaulu kuliko yote.

Ndipo likaja shauri la Mzee Jilala. Lilianzia Mahakama ya Mwanzo, lakini wadai walikuwa wameweka wakili, na mawakili hawaruhusiwi kule, basi likahamishiwa kwangu. Jilala alikuwa mfugaji wa Kisukuma aliyefika Ufipa na ng'ombe wake miaka mingi kabla. Mfipa mmoja, Mzee Teofili, mkulima wa ulezi na mzee wa kigango, yaani kanisa dogo la kijijini, alimpa sehemu ya kukaa na kulima. Wakaishi kama ndugu. Jilala akajenga hapo, akazaa hapo, akawazika wazazi wake hapo. Teofili alipofariki, wanawe wawili walikuja kudai shamba la baba yao.

Sheria yenyewe haikuwa na utata. Mtu akikaribishwa kwenye ardhi ya mwenzake huitwa mwalikwa, na mwalikwa hawi mmiliki hata akae mpaka azeeke. Lakini akiwa amepewa moja kwa moja, ni yake. Shauri zima lilikuwa hapo: Jilala alipewa, au alikaribishwa tu? Akishindwa, yeye na watoto na ng'ombe wote wangetoka, na makaburi wangeyaacha.

Jilala hakuwa na wakili. Alisimama kizimbani, kofia mkononi.

"Alinipa, gete, kweli kabisa," alisema. "Alinionyesha kwa mkono wake, kuanzia kijito mpaka kwenye mawe."

"Nani mwingine alikuwepo?" akauliza wakili wa wadai.

"Tulikuwa sisi wa nyumbani tu. Teofili ameshakufa."

Wakili akageuza karatasi zake taratibu. "Mzee, kila baada ya mavuno, ulikuwa unampelekea marehemu kitu chochote?"

Uso wa Jilala ukang'aa. "Ndiyo! Samli. Kibuyu kizima, kila mwaka. Sikuruka hata mmoja."

"Kwa nini?"

"Si alinipa mahali? Mtu kama yule utamsahauje? Hata mwaka ule ng'ombe walipokufa kwa ndigana, nilitafuta samli kwa wenzangu nikampelekea."

Wakili akakaa. Mtu aliyesoma somo la ushahidi anajua kilichotokea. Kumpelekea mwenye ardhi kitu kila mwaka ni kukiri kwamba ardhi ni yake, na mtu akikiri mwenyewe, hahitajiki shahidi mwingine. Jilala alidhani anaeleza urafiki, kumbe kila kibuyu alichokitaja kilikuwa kinamtoa shambani. Nilimhurumia sana, lakini kalamu yangu iliandika kila neno.

Nilikwenda Sumbawanga kumuuliza Mfawidhi. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Una ushahidi mwingine?"

"Sina, mheshimiwa."

"Basi unaulizia nini? Huruma yako haina namba ya kielelezo."

Nikaandika hukumu. Niliiandika vizuri, kurasa kwa kurasa, hoja na sababu zake, kama nilivyofundishwa. Nikaisoma mahakamani, nikatamka kwamba Jilala ni mwalikwa, kwamba atoke, na kwamba ana haki ya kukata rufaa Mahakama Kuu.

Watu walipokuwa wanatoka, bibi mmoja mwenye rozari shingoni alisogea mpaka mbele ya meza yangu. Karani akataka kumzuia. Alikuwa mjane wa Teofili, mama wa wale wadai wawili walioshinda.

"Baba," akaniambia, "mmeongelea samli asubuhi yote. Mbona hamkuuliza kibuyu kilirudi na nini?"

Sikumwelewa. Akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto.

"Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Jilala akileta samli, mimi nilikijaza ulezi, nikampelekea kwa mikono yangu. Kila mwaka. Na siku mume wangu alipompa lile shamba nilikuwepo, nimembeba huyu mkubwa mgongoni. Alisema, 'Chukua, na watoto wako.' Mtu uliyemkaribisha tu, utamwambia na watoto wako?"

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Nani aliniita? Na ningesimamaje mbele za watu kuwapinga watoto niliowazaa? Nilikuwa nangoja wewe uniulize."

Ilikuwa imechelewa. Hakimu akishasoma na kusaini, shauri limemtoka mikononi, hawezi kulifungua tena. Lakini nilifahamu kwamba Mahakama Kuu, kwenye rufaa, inaweza kuruhusu ushahidi mpya. Nikamwita Jilala na wadai pamoja nikawaeleza hivyo waziwazi. Wale vijana wakainamisha vichwa. Jilala alimgeukia yule bibi.

"Akate rufaa nani?" akasema. "Nimsimamishe shemeji yangu kizimbani aseme watoto wake ni waongo? Teofili angenielewa? Hapana, mheshimiwa. Ng'ombe wana miguu, tutahama."

Akahama kweli, akateremka na mifugo yake kuelekea bonde la Rukwa. Bibi aliwasindikiza mpaka kwenye kijito akiwa na kikapu cha ulezi kichwani. Shamba liliuzwa kwa mnunuzi wa mahindi kabla ya masika.

Baadaye Jaji alikuja kutoka Mbeya kwa vikao na kukagua majalada. Aliisoma hukumu ile akaipiga kofi la upole. "Safi sana. Hii ingepata alama ya juu mtihani wowote." Muda si mrefu nikapandishwa cheo. Nikahamishwa mkoa hadi mkoa, nikawa mfawidhi na mimi, nikawafokea vijana wenye shahada. Toka siku ile nilimuuliza kila shahidi swali moja la ziada, nani mwingine anajua jambo hili, na mara nyingi lilisaidia. Jilala halikumsaidia kitu. Nasikitika mpaka leo, na sitafuti wa kuniondolea masikitiko hayo.

Nilipostaafu nilirudi Sumbawanga, maana baridi yake nilishaizoea. Mwaka uliopita alikuja nyumbani mama mmoja wa makamo. Alinisalimia shikamoo kwa kupiga magoti, akajitambulisha kuwa ni Holo, binti wa Mzee Jilala. Baba yake alishafariki. Wao walikuwa na shida ya mpaka huko bondeni.

"Baba alituambia tukipata shida ya ardhi tukutafute wewe," akasema. "Alisema ulimhukumu kwa haki."

Nikamwelekeza kila hatua, aanzie baraza gani, apeleke mashahidi gani. Alipoinuka kuaga akasita mlangoni.

"Mzee, naomba nikuulize. Baba alisema lile shamba la Ufipa halikuwa letu, tulikaribishwa tu. Hakutaka kabisa tuwachukie watoto wa Teofili. Ni kweli halikuwa letu?"

Ukweli niliujua, na nilijua pia kwa nini baba yake aliuficha, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuuficha.

"Ndivyo hukumu ilivyosema, mwanangu," nikamjibu.

Akanishukuru sana, akaenda kuwahi basi.