Kisanduku Nilichokifunga Mdomo

Nilikuwa nimepanga chumba Malaba, kando ya barabara ya malori. Kampuni iliyoniajiri hufunga visanduku vya kufuatilia mizigo kwenye malori yanayoingia Uganda, na mimi ndiye niliyeshughulikia kerneli yake, ile sehemu ya chini kabisa inayozigawia programu nyingine nafasi za kumbukumbu. Programu ikishachukua nafasi, lazima iirudishe ikimaliza. Ikisahau, nafasi hiyo imevuja, na zikivuja nyingi kisanduku kinazima.

Ndani ya kerneli kulikuwa na mkaguzi, programu ndogo ya kukamata uvujaji, na huyo mkaguzi alinitoa roho. Kazi yake ni kupekua kumbukumbu yote aone kama kuna mahali anwani ya kila nafasi bado imeshikwa. Asipoiona anaandika: imevuja. Sasa sisi, kwa ujanja wetu wa kubana nafasi, tulikuwa tumezibandikia anwani zetu alama ya ziada, hivyo hakuzitambua. Kila asubuhi nawasha kompyuta nakuta orodha ndefu, imevuja, imevuja, imevuja. Nafuatilia mstari mmoja mmoja, nakuta nafasi iko na inatumika. Chai inapoa, mchana unafika, na sijapata hata kosa moja la kweli.

Meneja wetu alikuwa Nairobi. Kuisoma orodha hawezi, anachojua ni kuhesabu mistari. “Dada, hii namba ishuke,” ananiambia kila Jumatatu. Ishuke! Utadhani ni homa.

Njia ya haki niliijua. Ni kuzipitia nafasi zote ambazo anwani zake tumezificha, nimwonyeshe mkaguzi moja moja, kisha nimwagize asiripoti kitu chochote mpaka akikague mara ya pili na akikute vilevile. Kazi ya wiki mbili. Lakini nilikuwa nimechoka na kukasirika, nikaandika mstari mmoja tu, pale nafasi zetu zote zinapotolewa: hizi si uvujaji, ziache. Orodha ikawa tupu. Meneja akanipongeza, na mimi mjinga nikafurahi.

Miezi michache baadaye kisanduku kimoja kikazima kwenye foleni ya Malaba. Dereva nilimfahamu, mzee mmoja wa Funyula ambaye tulikuwa tukila samaki kwenye kibanda kimoja kila akikwama mpakani. Mzigo wake ulikutwa kamili. Lakini kwa kampuni ile, dereva kuzima kisanduku ni kosa la kufutwa kazi, maana ndivyo wanavyofanya wanaouza mizigo njiani, mzigo uwepo usiwepo. Meneja alinipigia akauliza kama kisanduku kinaweza kujizima chenyewe. Nikamjibu kwa dharau kwamba orodha ni tupu, hakivuji. Siku hiyo hiyo mzee akafutwa kwa simu, akiwa bado ameketi ndani ya lori.

Alikuja mpaka mlangoni kwangu. “Dada, mimi sijagusa hiyo kitu.”

“Mzee, mashine haidanganyi,” nikamwambia, nikarudi kwenye kazi yangu. Maneno hayo yananichoma mpaka leo.

Wiki iliyofuata nilikuwa nikijaribu kumpigia mama yangu. Laini ikaruka Uganda. Ikarudi Kenya. Ikaruka tena, na kila mara ujumbe wa kunikaribisha nchi ambayo sijaenda. Watu wa Malaba na Busia wanaujua huu upuzi. Nilibakisha kidogo niibamize simu ukutani, ndipo nikakumbuka kwamba hata kisanduku kina laini, na kila kikibadilisha mtandao kinachukua nafasi mpya. Ile ya zamani nani huirudisha? Nairobi tulikofanyia majaribio mtandao hauruki hivyo. Lori linalopita haraka huruka mara chache tu. Mzee alikuwa amekwama kwenye foleni siku nne.

Nikafuta ule mstari wangu na kuweka kisanduku mezani. Kelele zikarudi zote. Safari hii nilizichambua moja moja kwa njia ya haki, wiki mbili kamili, huku nikijilaani. Chuya zilipoisha ilibaki mistari ya aina moja, ikiongezeka kila mtandao uliporuka. Kumbe kosa la kweli lilikuwa humo humo, katikati ya mistari niliyokuwa nikiitukana. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilimwandikia meneja kwamba kosa ni langu na dereva hakugusa chochote. Akanijibu nirekebishe haraka, na kwamba mzee anaweza kuomba kazi upya nafasi ikipatikana. Nafasi ikipatikana! Nilimpigia tukagombana mpaka akanikatia simu.

Kisha nikampigia mzee mwenyewe, nikamweleza yote. “Kazi nitatafuta,” akasema. “Wewe kuja nyumbani uambie mama watoto. Mimi amekataa kuniamini.”

Nikaenda Funyula. Mkewe alikuwa akibambua njugu mlangoni, mzee ameketi mbali naye kidogo. Nilimweleza kwamba kulikuwa na kifaa kilichokuwa kikiniambia kuna kosa, kikanichosha, nikakifunga mdomo, na kosa lilikuwepo kweli.

“Kwa hivyo hakuuza mzigo ya watu?”

“Hakuuza kitu, mama. Hata kisanduku hakukigusa.”

Akaendelea kubambua. “Na wewe, wamekufuta?”

“Hapana.”

“Walikuambia nini?”

“Waliniambia nirekebishe.”

Aliweka ungo chini, akamtazama mumewe, kisha akanigeukia. “Huyu hata hawakumuuliza ilikuwaje,” alisema.

Hata mimi, mzee alipokuja mlangoni kwangu, sikumuuliza.