Kampuni Iliyoposwa

Jumatatu, katikati ya Februari. Joto la kubana tangu asubuhi. Wingu zito limesimama upande wa bara, mvua hakuna.

Dada yangu mkubwa kaja kutoka Mitole na swali lililonizidi. Hata shikamoo yangu aliiitikia nusunusu. Marehemu mume wake alimwachia hisa za kiwanda cha saruji. Juzi redio imesema kampuni nyingine inataka kuzinunua hisa zote, na bei imetajwa, kubwa kuliko ya sokoni. Siku ileile bei sokoni ikaruka, halafu ikagota chini kidogo ya hiyo iliyotajwa. Dada anataka kuezeka upya kabla ya masika. Auze sasa au asubiri?

Yeye aliona anadhulumiwa. Kwenye mnada wa korosho, bei ikitangazwa na wakulima wakaikubali, ndiyo hiyo. "Wameshataja. Hicho kilichopungua kakila nani?"

Mimi niliishia darasa la saba, nikaona aibu kujifanya najua. Tukampigia dalali wa hisa Dar es Salaam, simu tukaiweka sauti kubwa. Akaeleza bila haraka kwamba tangazo lile ni ombi tu. Wenye hisa hawajakubali na serikali haijaridhia. Ombi likivunjika, bei hurudi ilikotoka, pengine chini zaidi. Anayenunua leo hawezi kutoa bei kamili kwa jambo ambalo huenda lisitokee.

Dada akasema, "Kumbe imeposwa, haijaolewa."

Dalali akacheka, akasema ndivyo. Nami nikauliza, maana lilinikaa kichwani, mbona redio ilisema hisa za yule mnunuzi nazo zimeshuka? Akasema watu wanahofu ameahidi pesa nyingi mno. Mume wangu, aliyekuwa kibarazani akijifanya hasikii, akadakia: "Shemeji, hata mimi nilipomposa huyu nilishuka bei. Mpaka leo sijapanda."

Ningekuwa mimi ningesubiri, na nilimwambia hivyo. Lakini niseme haki, nyumba yangu haivuji. Dada alisema kile kilichopungua ni cha yule anayekubali kukaa na wasiwasi, na yeye wasiwasi anao wa kutosha. Akamwambia dalali auze zote. Posa ikitimia, atakuwa amekosa kidogo; ikivunjika, mimi ndiye nitakuwa nilimshauri vibaya. Sijui litakuwa lipi, na nadhani hata dalali hajui.

Alilala kwetu. Tulikula ugali wa muhogo kwa kisamvu cha nazi, na dagaa kidogo.