Kiingereza cha Kitabu Kisicho na Jalada

Niliondoka Lubumbashi kwa sababu ya unga, lakini niliteuliwa mimi kwa sababu ya kitabu. Acha nianze na kitabu.

Mwaka ule viwanda vilikuwa vimesimama, mishahara ya walimu ilikuwa imesahau njia ya kuja kwetu, na askari walikuwa wamepora maduka ya mjini wakang'oa hadi milango. Mwalimu wetu wa Kiingereza alifunga mizigo akarudi kwao. Prefe, yaani mkuu wa shule yetu ya sekondari, aliniita mimi niliyekuwa nikifundisha jiografia.

"Ilunga, banasema uko na kitabu ya Kingereza kwako. Ni kweli?"

"Ni kweli, Prefe."

"Basi, kuanzia leo weye njo mwalimu wa Kingereza."

Kitabu hicho nilikinunua mtaa wa Kamalondo kwa fundi wa nguo aliyekuwa akikitumia kukandamizia vitambaa visipeperuke. Jalada lilikwisha kung'oka, kurasa za mwanzo na za mwisho hazikuwapo, hivyo sikujua jina la kitabu wala la aliyekitunga. Yalikuwa maigizo matupu: wafalme wanaogombea viti, wasichana wanaovaa suruali na wapenzi wao wakashindwa kuwatambua, walevi wanaosema ukweli kuliko mawaziri. Ukurasa wa kushoto ulikuwa wa Kiingereza, wa kulia Kifaransa. Kwa kulinganisha kurasa hizo nilijifundisha lugha nzima, nikaifundisha darasani, na kwa kuwa mji wote unasema Kiswahili na Kifaransa, hakuna aliyenisahihisha. Mtungaji yule nilimpenda mno. Nilikwisha kumwandikia barua ya kumsalimu. Nilikosa anwani tu.

Miezi ya njaa ilipofika, watoto wetu walikuwa wanakula matembele bila bukari, ugali wetu, maana unga haukupatikana tena sokoni. Walimu na wazazi tukakusanya tulichonacho tukanunue unga Zambia, parokia ikatuandikia barua ya kututambulisha mpakani, na Papa Kambale akatoa lori lake. Kambale ni mfanyabiashara kutoka Butembo, shemasi wa kanisa la Kiprotestanti, mtu mnene asiye na haraka. Lori lake lilinusurika uporaji kwa sababu alilifungua magurudumu yote akayaficha kanisani, chini ya jukwaa la kwaya, na waimbaji wakasimama juu yake Jumapili mbili bila kujua.

"Prof," aliniambia, "miye najua Kiswahili, Kinande, na Kifaransa kidogo ya soko. Kule Zambia banataka Kingereza. Weye njo utakuwa kinywa yangu."

Alfajiri ya Jumatatu mke wangu, Mama Odette, alinifungia mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa. Alikitazama kitabu kwapani mwangu, kisha akanitazama mimi.

"Na kama bale bantu habasikie hii Kingereza yako?"

"Batasikia tu," nilimjibu. "Iko Kingereza ya bafalme."

Alinikaza kifungo cha koti kama anayempeleka mtoto hospitalini.

Barabara ya kusini ilikuwa mashimo yaliyounganishwa na vipande vya lami. Kila palipokuwa na kizuizi, askari walitutazama kwa macho ya njaa, na Kambale aliwapa sabuni, mche mmoja mmoja, kwa upole wa mtu anayegawa sakramenti. Saa sita mchana tulifika Kasumbalesa, mpakani. Kuvuka kwenda upande wa pili hakukuwa na taabu. Lori tupu halimkeri mtu.

Jumanne asubuhi tulikuwa Chingola, ndani ya Zambia, kwenye kinu cha kusaga mahindi. Hapo ndipo nilipofungua kinywa kwa mara ya kwanza mbele ya watu wanaokijua Kiingereza. Katika kitabu changu, neno la Kifaransa la kumwambia rafiki "wewe" lilielekeana na neno "thou", nami nikaona jambo liko wazi. Nikawasalimu wapakizi kwa "thou", mmoja baada ya mwingine, mkono kifuani.

Mmoja akavua kofia. Wengine nao wakavua.

Kibemba nakijua, kwa kuwa ndiyo lugha ya mama yangu, hivyo nilisikia walichonong'onezana: huyu ni mchungaji. Kumbe neno lile kwao limebaki kanisani tu. Hulisikia katika sala za kizamani, wala hakuna anayemwita mwenzake hivyo barabarani. Mzee wao akaniomba niwaombee kabla ya kazi.

Nilimgeukia Kambale. "Papa, banasema nisali. Na miye siko pasteri."

"Sali tu, Prof," alisema shemasi yule, macho yake yakiwa kwenye magunia. "Mungu anasikia hata bakatoliki."

Sala ya Kiingereza sikuwa nayo. Nikainua mikono nikawasomea, kwa kichwa, maneno ya mfalme mmoja wa kitabuni anayewahimiza askari wake kuvunja ukuta wa mji. Wakaitikia amina. Sijaona watu wakipakia unga namna ile; waliyavamia magunia kama yamewakosea.

Jumatano mchana tulirudi mpakani tukiwa tumejaa hadi juu, turubai lenye matundu likiwa limefungwa kwa kamba. Nilikuwa nimevimba kichwa. Ofisa wa zamu alikuwa kijana mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alitoka mikoa ya kusini, na Kibemba hakukipenda. Alisoma barua ya parokia mara mbili, akasema kwa Kiingereza kwamba kutoa unga nchini si jambo dogo, kwa kuwa kwao pia haukuwa mwingi. Nilimwelewa nusu. Nikaona sasa ndipo pa kumlainisha.

Katika kitabu kuna neno "awful". Ukurasa wa Kifaransa ulilieleza vizuri: anayetia heshima na hofu, kama mfalme katika enzi yake, au kama radi. Nikavuta pumzi, nikamwambia mbele ya foleni nzima kwamba yeye ni ofisa "awful".

"Umesemaje?" aliuliza.

Nikadhani amependezwa. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Nikaongeza kwamba na ofisi yake ni hivyo hivyo, na kwamba mama aliyemzaa mtu wa namna hii lazima naye alikuwa hivyo hivyo.

Foleni ilicheka mpaka wenye baiskeli wakaziacha zianguke. Ofisa hakucheka. Alinyoosha mkono, akachukua ufunguo wa lori kutoka kwa Kambale, akaingia ndani.

"Prof," Kambale alisema taratibu, "umemwambia nini?"

"Nimemsifu."

"Ile njo sifa?"

Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa magharibi. Nililitazama turubai lile, nikahesabu matundu, nikawaza nyumba zinazotungoja Lubumbashi. Kuaibika ningeweza kuvumilia. Lakini unga wa watu ulikuwa unasubiri mvua kwa sababu ya ulimi wangu.

Kabla ya jioni ofisa aliniita. Alitaka kujua ni nani aliyenifundisha matusi. Nikamwonyesha kitabu. Alifunua kurasa mbili tatu, uso wake ukabadilika. Si kwa furaha, kwa uchovu.

"Hiki," alisema, "ndicho kinachomliza mke wangu."

Mke wake, Madamu Mwape, alikuwa mwalimu wa sekondari iliyo karibu na mpaka, mzaliwa wa huko huko. Wanafunzi wake walitakiwa kufanya mtihani juu ya igizo mojawapo la kitabu hicho, wala hawakulielewa. Aliitwa, akaja na chaki bado vidoleni. Nilimweleza kwa Kibemba nilichotaka kusema na nilichosema. Alikaa juu ya gunia akacheka mpaka akashika ubavu.

"Mwalimu," alisema alipopata pumzi, "neno hilo zamani lilikuwa hivyo ulivyosema. Siku hizi maana yake ni mbaya, kitu cha kuchukiza. Umemtukana mama mkwe wangu."

"Limegeuka lini?"

"Polepole. Hakuna aliyetangaza."

Nikamwomba basi anipe anwani ya mtungaji, nimwulize mwenyewe. Hapo Madamu aliacha kucheka. Alinishika mkono kama anayeleta habari ya msiba.

"Mwalimu, amekufa. Yapata miaka mia nne sasa."

Msinicheke. Nilihisi nimefiwa. Nilikuwa nimeishi naye miezi yote ile ya risasi na giza la umeme uliokatika, nikimwona kama mzee aliyekaa mahali fulani penye amani, anayejua habari zetu. Kambale alivua kofia bila kuuliza aliyekufa ni nani.

Ofisa aligoma kutoa ufunguo. Maelezo ya mkewe hayakumtosha. Foleni ilikuwa imesikia tusi, na foleni ilipaswa kusikia vingine. Madamu ndiye aliyepata njia. Kesho yake mimi niigize na wanafunzi wake, ofisa aje kutazama, na yeyote wa kwenye foleni atakaye aje.

Alhamisi asubuhi darasa lilijaa hadi madirishani. Niliwaeleza wanafunzi kisa chote kwa Kibemba kwanza, nani anamdanganya nani na kwa nini, kisha tukaingia kwenye maneno. Mimi nilikuwa mfalme, nimevaa koti langu na taji la boksi. Msichana mmoja mwembamba alinipigia magoti akaniambia mimi ni "awful", nami nikaitikia kwa kichwa, kwa ukuu. Mama mmoja muuza nyanya, aliyekuwapo kwenye foleni jana yake, akasema kwa sauti kwamba kumbe yule Mkongo alikuwa anamsifia bwana mkubwa. Nilimwona ofisa akinyoosha mgongo. Kisha ikafuata sehemu ya mlevi, na watu wote walicheka pale pale ambapo mimi hucheka nikiwa peke yangu nyumbani. Maneno mengi hawakuyajua, lakini mahali pa kucheka walipajua.

Saa sita tulirudishiwa ufunguo. Ofisa aliniomba jambo moja tu: karatasi yenye saini yangu, inayoeleza kwamba yeye ni ofisa "awful" kwa maana ya zamani. Nilimwandikia kwa mwandiko wangu bora. Alisema ataipachika ukutani. Mkewe alimtazama, akameza kicheko chake.

Mvua ilitukuta katikati ya njia ya kurudi. Magunia manne yalilowa, mengine yalifika salama. Shuleni walimu walitupokea kwa kupiga makofi. Mama Odette alisonga bukari ya kwanza mbele yangu, hakuniuliza chochote kuhusu Kiingereza mpaka nilipomaliza kula. Nilipomsimulia, alitoka nje kwanza ili acheke vizuri.

Jumatatu iliyofuata niliingia darasani. Nusu ya madawati yalikuwa wazi, maana familia nyingi zilikuwa zimeuhama mji. Niliwaambia waliobaki ukweli: Kiingereza nilichowafundisha ni cha mtu aliyekufa zamani, ni kizuri kuliko kingine ninachokijua, na kwenye mpaka kinaweza kuwafunga. Kuanzia leo tutajifunza vyote viwili, na kila neno tutaliuliza lina maana gani leo kabla ya kumwambia mtu.

Nikiwa bado naongea, Prefe alisimama mlangoni. Kwa miaka mingi serikali ilitulazimisha kuitana "sitwayeni", raia fulani. Kumbe tulipokuwa safarini amri ilikuwa imebadilika, na watu wameruhusiwa tena kuitana "misye", yaani bwana.

"Misye Ilunga," aliita.

Wanafunzi walinitazama. Mimi niligeuka nyuma kumtafuta huyo anayeitwa.