Sema Kwanza ya Mwenzako

Ukitaka kumuudhi Dorkasi, mwambie, "Aa, Mama Anitha, si mechi ya kirafiki tu?" Atakupandisha na kukushusha kwa macho, kisha atakuuliza kama kwenu urafiki ndio kibali cha kudanganya. Mashindano, atakwambia, yana mwamuzi na kamati na watu wa kukutolea macho. Mechi ya kirafiki haina kitu isipokuwa heshima ya hao wawili wanaocheza, na ikishavunjwa hiyo, hakuna kamati ya kwenda kuiomba irudishwe. Kwa hiyo kwake yeye mechi ya kirafiki ndiyo yenye sheria kali kuliko zote.

Wengi Dodoma wanamjua kwa mashine yake ya kukamua alizeti kule Kizota. Msimu ukifika wakulima hujazana na magunia yao, na ugomvi haukosi: gunia la nani lilitangulia, mashudu ya nani yamechanganywa na ya nani. Dorkasi hapigi kelele. Huzima mashine, maana hakuna kinachowatuliza watu wa foleni kama mashine iliyonyamaza, halafu huwaita wagomvi wawili mbele yake.

"Wewe, sema ya mwenzako," humwambia wa kwanza. "Yako tumeshaisikia, hata walioko Ipagala wameisikia. Sema ya mwenzako, tena useme vizuri, mpaka mwenyewe akubali aseme 'ndivyo'."

Nusu ya kesi hufia hapo hapo. Mtu anaanza kwa kejeli, anaambiwa arudie, anarudia kwa kununa, na kufikia mara ya tatu anajikuta anamtetea adui yake kuliko adui mwenyewe alivyojitetea. Nusu inayobaki huimaliza Dorkasi, na akishaimaliza hakuna anayebisha, maana kila mmoja amesikia hoja yake ikitoka kwenye kinywa cha mpinzani wake.

Utaratibu huo ndio aliouhamishia kwenye gofu. Naam, gofu, na msicheke. Nje kidogo ya mji upo uwanja wa zamani ambao mvua zikiisha haubaki na jani moja la kijani. Shimo la huko halichimbwi kwenye majani laini kama tunavyoona kwenye televisheni. Limezungukwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo usiubebe, na ukishacheza unasawazisha nyayo zako kwa reki. Ng'ombe hukatiza watakavyo, na wana haki, maana walikuwapo kabla ya gofu. Joel, marehemu mume wa Dorkasi, ndiye aliyemfundisha mchezo huo. Joel alipofariki watu walidhani fimbo zake zitauzwa. Dorkasi akajifunga khanga kiunoni juu ya suruali, akabeba mkoba wa fimbo begani, akaenda kucheza.

Hapo uwanjani amewapatanisha wengi. Bartolomayo, mwenye gereji, na Stanley, karani wa serikali, waliwahi kushikana mashati kwa sababu ya mpira uliogota kwenye kichuguu. Dorkasi aliwakalisha chini palepale, juani, kila mmoja akasema ya mwenzake, na jioni ile walionekana wakigombea kulipa soda. Tangu siku hiyo wawili hao hawachezi bila yeye kuwapo karibu.

Lakini mpinzani wake hasa, yule anayemkosesha usingizi, alikuwa Chandulal, mwenye duka la majembe na misumari mjini. Chandulal amezaliwa Dodoma, amezeekea Dodoma, na akikutana na Mgogo humsalimia "Mbukwa" kabla mwenzake hajafungua mdomo. Yeye na Dorkasi walicheza shimo kwa shimo, yaani kila shimo lina mshindi wake, na mwenye mashimo mengi ndiye mshindi wa siku. Na Dorkasi hakuwahi kumshinda hata mara moja. Joel naye alikufa bila kumshinda. Joel, aliyekuwa na huruma hata kwa nafsi yake, ndiye aliyeweka desturi kwamba anayeshindwa achague siku ya marudiano, ili aliyepigwa arudi nyumbani na kitu mkononi. Basi miaka yote hiyo siku zilichaguliwa na Dorkasi.

Mwaka huu Chandulal alitangaza kuwa anahama. Magoti yamechoka, duka amelikabidhi kwa mpwa wake, mwanawe Shahil amemjengea chumba Mwanza, na mkewe Shantaben ametangulia na mizigo. Imebaki mechi moja. Dorkasi aliposikia hivyo, wiki nzima alionekana jioni nyuma ya mashine akipiga mipira kuelekea ukuta wa mashudu. Alitaka kumshinda mzee yule kabla hajaondoka. Alitaka kwa ajili ya Joel na kwa ajili yake mwenyewe, na wala hakuona haya kutaka hivyo.

Siku yenyewe walianza asubuhi mapema, Bartolomayo na Stanley wakiwafuata nyuma kama mashahidi wa harusi. Dorkasi alicheza kuliko alivyowahi kucheza. Alipotangulia, Chandulal alimfikia. Alipoachwa, alijifunga kibwebwe akasawazisha. Walifika shimo la mwisho wakiwa sawasawa.

Dorkasi akapiga. Mpira ukaruka juu, ukapita korongo, ukatua nyuma ya kinundu cha ardhi ambako jicho halikufika. Ilikuwa fimbo safi, na hata Chandulal, ambaye mpira wake ulikuwa bado mbali na shimo, alipiga makofi. Wakati huohuo kundi la ng'ombe lilikuwa linakatiza hapo likielekea lambo kunywa maji. Wachezaji walipofika waliukuta mpira umezama ndani ya alama ya ukwato, umebakiza kichwa tu juu ya vumbi.

"Wameukanyaga!" alisema Dorkasi. "Mpira wangu umekanyagwa, naunyanyua nauweka pembeni."

"Pole pole, Mama Anitha," alisema Chandulal. "Mimi naona umetumbukia wenyewe."

Na hapo ndipo palipokuwa na mechi nzima. Mpira ukikanyagwa na mnyama, mwenyewe anaruhusiwa kuutoa na kuuweka mahali pazuri jirani, bila adhabu. Ukitumbukia wenyewe kwenye alama iliyokuwapo, basi huo ni mkosi wake. Aupige hapohapo ulipo au akubali adhabu. Kutoka kwenye tundu lile hakuna ambaye angefika shimoni kwa fimbo moja. Sauti zilipanda. Dorkasi alisema aliwaona ng'ombe kwa macho yake. Chandulal alisema kuona ng'ombe si kuona ng'ombe wakikanyaga.

Bartolomayo akakohoa. "Mama Anitha," alisema, akijitahidi kuzuia kicheko, "si mseme kila mtu ya mwenzake?"

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Dorkasi alimtazama kwa jicho ambalo, kama angekuwa gunia, angepasuka. Lakini sheria ilikuwa yake, hakuwa na pa kukimbilia.

Chandulal alianza. "Mama Anitha anasema mpira wake ulipigwa vizuri, na ulipigwa vizuri. Anasema ng'ombe wamepita hapa, na sote tumewaona. Anasema mpira hauzami hivi bila uzito wa kuuzamisha." Alijikuna kidevu. "Kwa kweli nikisema hivi, naona ana haki."

"Ndivyo," alisema Dorkasi haraka.

Ikawa zamu yake. Yeye hukataa utetezi wa ovyo kwa wengine, kwa hiyo hakuweza kuutoa mwenyewe. Alichuchumaa auangalie mpira vizuri, apate maneno ambayo Chandulal angeyasema kama angekuwa amekulia kwenye zizi na kujua kusoma kwato. Dorkasi alikulia kwenye zizi. Akaitazama ile alama, akasita.

Ng'ombe wa asubuhi wanakwenda lambo. Ncha za kwato zao zote zilielekea huko, mbichi, vumbi lake halijatulia. Alama iliyomeza mpira ilielekea upande wa pili, kule kwenye maboma, na kingo zake zilikuwa zimeshalainishwa na upepo. Iliachwa jana jioni, ng'ombe wakirudi nyumbani.

Hakuna mwingine pale aliyejua kusoma hayo. Stanley alikuwa anapangusa miwani. Angesema maneno mawili matatu ya kawaida, Chandulal angeitikia "ndivyo", na ushindi aliokuwa akiuota ungekuwa hatua chache mbele.

"Kaka Chandu anasema," alianza, "anasema tazameni ncha za ukwato huu. Zinakwenda nyumbani. Ng'ombe wa leo hawajarudi nyumbani bado. Tundu hili lilikuwapo tangu jana, na mpira umetumbukia wenyewe."

"Mimi sikusema hayo!" alipinga Chandulal. "Wala sikuyajua. Uchukue, dada, uweke pembeni. Mimi nimeshaamini hoja yako."

"Na mimi nimeamini yako. Sheria tukiijua haturuhusiwi kukubaliana kuifumbia macho. Naupiga ulipo."

Bartolomayo na Stanley walitazamana. Walikuwa hawajawahi kuona watu wakigombana kwa kubadilishana pande. Dorkasi akachomoa fimbo, akasimama juu ya lile tundu, machozi yakimlenga. Akainua mikono.

"Ngoja," alisema Chandulal. "Nakuachia shimo hili. Na mechi."

Fimbo ikabaki hewani. Dorkasi alijua, na Chandulal alijua kwamba anajua: katika mchezo wa shimo kwa shimo mtu anaruhusiwa kumwachia mpinzani ushindi wakati wowote kabla mambo hayajaamuliwa, na aliyeachiwa hawezi kukataa. Hiyo nayo ni sheria.

"Unanipa sadaka?" alifoka. "Mimi ni ombaomba? Nimepiga mipira kila jioni wiki nzima ili unionee huruma mbele ya watu?"

"Sema kwanza ya mwenzako," alijibu Chandulal kwa upole.

Dorkasi alishusha fimbo. Akamtazama mzee yule na kofia yake iliyopauka, na hasira ikaanza kumtoka yenyewe.

"Kaka Chandu anasema," alisema taratibu, "akiondoka ameshinda, hana sababu ya kurudi Dodoma. Atakaa Mwanza aote jua mpaka... mpaka basi. Lakini akiondoka ameshindwa, siku ya marudiano ni ya kwake kuichagua. Na mtu akishachagua siku, lazima aje."

Chandulal alivua kofia, akajipangusa uso, na hakuwa akipangusa jasho.

"Ndivyo," alisema.

Dorkasi aliinama akaung'oa mpira kutoka kwenye lile tundu, akaufuta vumbi kwa khanga, akautia mfukoni. "Haya, chagua."

"Mwakani. Alizeti ikishavunwa."

"Sawa. Na siku hiyo, kaka Chandu, ukiniachia hata shimo moja, fimbo hii nakupiga nayo wewe."